Mnatumia apu gani kuamua muvi ya kuangalia? Mimi naperuzi mpaka pilau linapoa

#1 Chapati ya Maji
Wakuu habari za Jumapili. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Jana watoto wamelala saa tatu, mimi na wife tukasema leo tunaangalia muvi moja kali halafu tulale. Rimoti nimeishika saa tatu na robo. Mpaka saa tano kasoro robo bado naperuzi, hii trela yake mbovu, hii ina sauti ya Kikorea, hii tuliishaiangalia tukasahau mwisho wake, hii wife anasema steringi anafanana na mwalimu aliyekuwa anamchapa shule ya msingi hataki kumuona. Pilau limepoa, soda imeisha gesi, tumeishia kuangalia dakika ishirini za muvi ambayo hakuna aliyeitaka. Wife kalala, mimi nimebaki na rimoti kifuani kama marehemu aliyeshikishwa rozari.

Na sio kwamba muvi hakuna. Nalipia huduma mbili za kustrimi kila mwezi na flashi ya GB 64 imejaa mpaka inalalamika. Shida ni kuamua. Sasa naomba apu ambayo unaiambia tuko wawili, tumechoka, tunataka kitu cha saa moja na nusu, inakupa muvi MOJA, sio mia. Nimeingia duka la apu nimekuta ziko kibao nikachanganyikiwa upya, yaani sasa nahitaji apu ya kuchagua apu.

Nawasilisha.

#2 Kaputula
Nimekaa pale, ngoja waje wataalamu.

#3 Fundi Antena
Mkuu weka IMDb mchezo uishe. Andika jina la muvi, angalia namba, yaani maksi za watazamaji kwa 10, ikiwa chini ya 7 pita kushoto. Huu mwaka wa sita natumia sheria hiyo na sijawahi kujuta. Ukikosa kabisa fungua ile orodha yao ya muvi 250 bora, anza namba moja ushuke nayo mdogo mdogo.

#4 Sangara Mkavu
Fundi Antena hiyo sheria ya 7 inakunyima vitu vizuri aisee. Muvi za kutisha na za kuchekesha watu huwa wanazibania, utakuta ina 6.2 na umecheka mpaka mbavu zinauma. Na hiyo 250 yao, ili muvi iingie lazima iwe na kura zisizopungua 25,000, sasa niambie muvi gani ya Kibongo ina watu 25,000 waliojisajili kule wakapiga kura? Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilifika mpaka tamasha la Toronto 2021 lakini kwenye orodha hiyo huioni, na sio kwamba ni mbaya, wapiga kura wetu wako WhatsApp.

Upande wa pili kuna hizi zenye kura thelathini. Ukikuta Bongo muvi ina 9.6 jua hapo wamepiga waigizaji, dairekta na kamati nzima ya harusi yake.

#5 Fundi Antena
Kamati ya harusi haifiki mbali mkuu, kwenye ile 250 wanahesabu wale wanaopiga kura mara kwa mara tu, na namna wanavyowapata hawasemi ili watu wasicheze rafu. Ila kwa Bongo muvi nimekuelewa.

#6 Dada Kipepeo
Mimi IMDb niliacha zamani, kila mwenye bando anapiga kura. Natumia Rotten Tomatoes, pale ni wachambuzi wanaofanya kazi hiyo. Muvi ikipata asilimia 95 maana yake wameipa 95 kwa 100, hapo unaingia kichwa kichwa.

#7 Mhasibu Mstaafu
Dada Kipepeo nisamehe, hapo umepotosha na wengi wanapotoka hivyo hivyo. Ile asilimia sio maksi. Ni idadi ya wachambuzi walioisifia muvi kati ya wote walioiandika, basi. Ikifika 60 inawekewa nyanya nyekundu, chini ya hapo inawekewa ile ya kijani iliyopasuka.

Chukua mama ntilie. Watu kumi wamekula wali maharage wake, ukiwauliza wote kumi wanajibu "unalika". Kwa hesabu ya nyanya huyo mama ana asilimia 100. Jirani yake anapika biriani, watu saba wametokwa machozi kwa utamu, watatu wanasema pilipili imezidi. Huyo ana 70. Sasa wewe una njaa, unaenda kwa nani?

Ukitaka wastani wa maksi zenyewe nenda Metacritic. Wale wanageuza kila uchambuzi kuwa maksi kati ya 0 na 100 halafu wanapiga wastani, tena wachambuzi wengine wanawapa uzito zaidi kuliko wenzao.

#8 Kaputula
Mzee mimi naenda kwa wali maharage. Biriani ni elfu nane.

#9 Dada Kipepeo
Haya Mhasibu nimekubali, kumbe miaka yote nakula wali maharage nikidhani biriani 😂 Asante.

#10 Msee wa Umoja
Niaje wadau. Mnaongea nyanya nyanya mimi nikadhani mnamtaja shosh wangu. Huku Kenya nyanya ni mama ya mama yako, sasa nyanya zilizooza jameni, mtalaaniwa.

Kwa mada, mimi sina apu. Nina jamaa wa movie shop hapa stage. Naingia na flashi, haniulizi kitu, ananiangalia tu uso. Nikiwa nimetoka job nimechapa ananiwekea komedi. Siku ile dem aliniacha huyu jamaa alinipea series ya seasons nane na akaniambia rudi ukimaliza. Niletee apu ina macho kama hiyo.

#11 Popo wa Sinza
Natia timu. Wote mnazunguka, jibu ni Letterboxd. Wametoka New Zealand, wapo tangu 2011, ila watu wengi wameijua kipindi cha korona tulivyofungiwa ndani. Ukiangalia muvi unaiandika kwenye shajara yako, unaipa nyota kuanzia nusu mpaka tano, na unayotaka kuiangalia baadaye unaitupia kwenye orodha.

Lakini siri yake sio nyota za wastani. Siri ni kutafuta watu watatu wanne ambao ladha zenu zinafanana, unawafuata, wakipenda kitu unakijua mapema. Mimi kuna mtu mmoja yuko Brazil hata lugha yake siielewi, anaandika Kireno, lakini akitoa nyota nne na nusu nafunga mlango nazima simu. Pia kuna mwingine namfuata kwa sababu ladha yake ni MBOVU. Akiponda kitu naenda mbio.

Tatizo lake moja, utaanza kuangalia muvi ili uandike. Nimewahi kuwaza sentensi ya kuchekesha ya kuandika wakati mama wa kwenye muvi anakata roho.

#12 Chapati ya Maji
Popo hiyo ya kufuata mwenye ladha mbovu nimeipenda, shemeji yangu anafaa. Ila mbona unaniongezea kazi? Nimesema nataka kuamua haraka, wewe unanipa watu wa kuwafuatilia mpaka Brazil.

#13 Mama Wawili
Nyie mnabishana maksi, mimi shida yangu ni nyingine kabisa.

Mwaka juzi baba mkwe alikuja kutoka Songea kutibiwa macho. Jumapili jioni tumekaa sebuleni familia nzima nikaweka muvi ya mahakamani, namba yake nane na ushee, kila mtu anaisifia. Dakika ya 34 mashuka yakaanza kusogea. Rimoti iko kwa mtoto wa miaka mitatu na kaishika kama pipi. Baba mkwe akakohoa akauliza "hivi huku mvua zimeshaanza?" na ni mwezi wa nane. Mume wangu akakumbuka ghafla anatakiwa akazime jenereta. Jenereta hatuna.

Toka siku hiyo sigusi muvi bila kuingia kwenye ile sehemu ya wazazi ya IMDb. Fungua muvi yoyote shuka chini, wameandika mambo ya kitandani, damu, matusi, pombe na vya kutisha, kila kimoja kinaonyesha kama hakipo, kidogo, wastani au kimezidi, na wengine wanakuelezea tukio lenyewe. Kwa watoto naangalia Common Sense Media, wale wanasema inafaa kuanzia miaka mingapi na kwa nini. Muvi iwe na 6 iwe na 9 mimi sijali, nataka kujua kama mkwe anaweza kukaa.

#14 Kaputula
Si umesema alikuja kutibiwa macho? Labda hakuona.

#15 Mama Wawili
Kaputula alikuwa ameshatibiwa.

#16 Mtu wa Ruwi
Nacheka peke yangu kwenye basi hapa Muscat watu wananitazama. Sisi huku nyumba moja ina bibi, shangazi na watoto wa shangazi, hiyo sehemu ya wazazi ndiyo Katiba. Niongeze moja, kuna tovuti inaitwa Does the Dog Die, ilianza kwa kuwaambia watu kama mbwa wa kwenye muvi anakufa, sasa wameongeza mambo mengi, mtoto anapotea, mtu anazama, buibui wapo. Binti yangu mnyama akifa kwenye muvi hali siku mbili, hata mbuzi. Ila mbuzi wa Idi anamla vizuri tu.

#17 Mwalimu wa Zamu
Mleta mada tatizo lako sio apu, ni wingi. Kuna utafiti maarufu wa jemu wa Marekani uliotoka mwaka 2000. Dukani waliweka meza ya jemu aina 24, wakati mwingine aina 6. Kwenye meza ya 24 walisimama watu wengi lakini walionunua ni kama 3 kwa mia. Kwenye meza ya 6 walinunua 30 kwa mia. Binadamu akipewa vingi anaganda. Zamani mkanda mmoja wa VHS mtaa mzima tunaangalia mara kumi na hakuna aliyelalamika. Kwa hiyo futa hizo apu zote baki na muvi sita kwenye flashi.

#18 Sangara Mkavu
Mwalimu huo wa jemu kila mtu anautaja lakini stori haikuishia hapo. 2010 walikusanya majaribio 50 ya aina hiyo wakayapigia hesabu pamoja, wastani wa athari ukawa karibu na sifuri. Mengine wingi unachanganya watu, mengine wingi unasaidia. Mtu anayejua anachotaka wingi haumsumbui, nenda Kariakoo na mama yangu uone, maduka mia tatu ya vitenge anatoka na kile alichokiwaza toka nyumbani.

Na hiyo VHS hamkuwa mnalalamika kwa sababu TV ilikuwa ya jirani. Ungelalamika ungetolewa nje.

#19 Mwalimu wa Zamu
Hapo kwa jirani umenimaliza 😂 Ila bado nasema sita zinatosha.

#20 Kodi ya Meza
Mnajisumbua, haya mambo mashine zilishayamaliza. 2006 Netflix walitangaza dola milioni 1 kwa atakayeboresha makisio yao ya nyota ambazo mtu ataipa muvi kwa asilimia 10, dunia nzima ikahangaika miaka mitatu, 2009 timu ikabeba mzigo. Hiyo inayokupendekezea usiku ndo ile iliyoshinda. Wewe bonyeza ya kwanza unayoletewa, imeshakujua kuliko mkeo.

#21 Fundi wa Kanuni
@Kodi ya Meza nusu ni kweli nusu sio. Pesa ililipwa, ila ule mkusanyiko mzima wa kanuni za hesabu ulioshinda hawakuuweka kazini. Walichukua vipande vya awali tu, wakasema faida ya iliyobaki hailingani na kazi ya kuuingiza kwenye mitambo. Halafu biashara ilikuwa imegeuka. Mashindano yalihusu nyota ambazo watu walitoa enzi Netflix wanakodisha DVD kwa posta, unaipa muvi nyota halafu unasubiri siku kadhaa ya pili ije. Kwenye kustrimi hawana haja ya kukuuliza, wanaona wenyewe umeacha dakika ya ngapi, umerudia nini, saa nane usiku unaangalia nini. Nyota wakazifuta 2017 wakaweka dole gumba, kwa sababu mtu anaipa nyota tano filamu ya historia ya vita ili aonekane msomi, halafu kila usiku anaangalia vichekesho.

Alafu kuna kitu kinamhusu mleta mada moja kwa moja. Ulichoomba kilishawahi kuwepo! 2021 hao hao walileta kitufe, unakibonyeza kinakuwekea muvi bila maswali. 2023 wakakiondoa maana watu hawakukitumia sana. Tunasema tunataka kuchaguliwa, tukichaguliwa tunanuna.

#22 Chapati ya Maji
Duh. Kumbe nilizaliwa na kuoa kwa wakati usio wangu, hicho kitufe ndo nilikuwa nakitafuta.

#23 Dada Kipepeo
Fundi wa Kanuni na zile picha za juu za muvi eti zinabadilika? Mimi na mume wangu kila mtu ana profaili yake, tulibishana wiki nzima, mimi nasema ile muvi ina picha ya wapenzi wawili kwenye mvua, yeye anasema ina jamaa ameshika bunduki. Kumbe ni muvi moja.

#24 Fundi wa Kanuni
Ndio dada, wanachagua picha kulingana na unachopendaga. Mpenda mapenzi anawekewa busu, mpenda ngumi anawekewa bunduki, ndani ni kitu kimoja. Kwa hiyo ukichagua kwa picha umechagua kioo.

#25 Side wa Flashi
Nimesoma uzi wote nikaona niingie maana Msee wa Umoja kanitaja bila kunijua. Mimi nina library ya muvi, mwaka wa kumi na moja huu, muvi moja shilingi 500, sizoni nzima 2,000. Niwaambie ukweli wa kazini.

Kwanza, mteja akiniambia "niwekee muvi nzuri" najua hataki nzuri, anataka ile ile aliyoangalia mwezi uliopita ila yenye watu wengine. Pili, siulizi unapenda nini, nauliza unaangalia na nani. Anaangalia peke yake, na demu mpya, na mke, na watoto, na mgonjwa, hizo ni muvi tano tofauti kabisa kwa mtu mmoja. Apu zinakujua wewe, hazijui uko na nani leo. Tatu, namuuliza umekula? Mtu aliyeshiba usimpe muvi ya polepole, analala. Chapati ya Maji ulisema mlikuwa na pilau. Hapo ulishafeli kabla ya rimoti.

Nne, kuna wateja wanataka imetafsiriwa na hao hawaangalii steringi, wanauliza nani katafsiri.

#26 Mzee wa Kibanda Umiza
Side hiyo ya nne umegusa moyo wangu. Kibanda umiza cha kwetu Mbagala hatukujua IMDb wala nini. Mlangoni kuna ubao umeandikwa kwa chaki, picha la Kichina saa kumi, la Kihindi saa moja, TAFSIRI LUFUFU. Hilo jina Lufufu ndo lilikuwa maksi. Muvi mbovu akiitia sauti yake inakuwa tamu, muvi kali akiikosa inakuwa mboga bila chumvi. Mle ndani adui anasema neno moja, Lufufu anakupa aya nzima na ukoo wa huyo adui. Wakenya wana DJ Afro wao, Waganda wana ma-VJ wao, ni kitu kile kile, unachagua mtu wa kukusimulia.

Leteni apu yenye Lufufu nitalipia.

#27 Msee wa Umoja
DJ Afro!! Huyo mimi nimewatch movie ya kivita kwa ajili yake nikacheka kuliko komedi. Original nilipoiona baadaye ilikuwa inaboesha, nikaona kama wameifupisha.

#28 Kaputula
Side COSOTA, wale wa hakimiliki, wanasoma humu ndugu yangu, ungeandika "rafiki yangu ana library".

#29 Side wa Flashi
Rafiki yangu ana library.

#30 Mhasibu Mstaafu
Turudi kwenye mada kidogo. Kabla ya kuamini mshauri uliza anakula wapi. IMDb ni ya Amazon toka 1998, na Amazon wanauza muvi. Rotten Tomatoes iko chini ya Fandango toka 2016, na Fandango wanauza tiketi za sinema. Sisemi wanadanganya, nasema mwenye bucha hakushauri ule mchicha. Anayetaka kisichouza chochote ajaribu MovieLens, ni ya chuo kikuu cha Minnesota, ipo toka 1997, haina matangazo. Unaipa maksi muvi ulizoziona, inatafuta watu waliozipa maksi kama zako, inakuletea walichopenda wao ambacho wewe hujakiona.

#31 Popo wa Sinza
Mhasibu hiyo ni nzuri ila inataka uipe maksi muvi nyingi kwanza ndo ikujue, ukiwa mgeni inakupa zile zile maarufu za kila mtu. Hilo ni gonjwa la apu zote, mgeni haijui ladha yake. Kama mgeni wa kwetu tu, siku ya kwanza unampikia kuku, hujui kama anapenda dagaa.

#32 Bandua Bandika
Mmesahau JustWatch. Unachagua nchi, unatiki huduma unazolipia, unaandika muvi inakwambia ipo wapi na kama ni ya kukodi au imo kwenye malipo yako. Ni ya Wajerumani wa Berlin. Haikuchagulii sana lakini inapunguza maumivu ya kuchagua muvi dakika arobaini halafu ukute haipo nchini kwako. Unaweza kuchuja aina, mwaka, na urefu, maana mleta mada alisema saa moja na nusu.

Hata Letterboxd ya Popo ile sehemu ya "inapatikana wapi" wanachota kwa hao.

#33 Fundi Antena
Hii sikuijua, nimeishusha sasa hivi. Naona inanionyesha vitu ambavyo navilipia mwaka mzima sikujua vimo 😭

#34 Binti Mzaramo
Mbona mnapita mbali, siku hizi ni kuiuliza AI. Mimi naiandikia "nimegombana na bosi, nataka kulia lakini mwisho wawe na furaha", inanipa tatu na sababu.

#35 Sangara Mkavu
Angalia tu isikuletee muvi ambayo haipo duniani. Mimi roboti moja ya kuchati ilinipa muvi, ikanipa na dairekta, na mwaka, na stori tamu sana, nimeitafuta siku tatu. Haijawahi kutengenezwa. Na mpaka leo ndo muvi ninayotamani kuiangalia kuliko zote.

#36 Side wa Flashi
Huyo roboti nimwajiri. Kuna wateja wangu wanataka hizo hizo.

#37 Mama Wawili
Chapati ya Maji hebu tuulize swali ambalo wanaume wote humu wamelikwepa. Mkeo anataka nini? Umeandika aya tatu, kila muvi wewe ndo unashika rimoti na yeye anakataa. Umeshawahi kumpa rimoti?

#38 Kaputula
Mada imefika pabaya. Nahama siti.

#39 Chapati ya Maji
Wakuu nimerudi, Ijumaa ya pili hii, mrejesho.

Nimeshusha JustWatch, nimeweka dakika 100 na huduma zangu mbili. Zikabaki mia na kitu. Nikaingia IMDb sehemu ya wazazi, zikapungua, ila mama mkwe hayupo kwa hiyo nikazirudisha. Ushauri wa Side nimeufuata, tumekula uji saa kumi na mbili, njaa ilituamsha saa nne tukaanza kukaanga mayai. Letterboxd nimemfuata shemeji, kumbe ladha yake sio mbovu, nimesononeka.

Juzi nikaamua kienyeji. Kila mtu anaandika muvi tano kwenye vikaratasi, tunaweka kwenye bakuli la ugali, mtoto mkubwa anachomoa kimoja, hakuna rufaa. Kachomoa, ni tamthilia ya Kituruki. Nikasema haya bahati mbaya, tukaiangalia, kesho yake tena kachomoa, Kituruki ile ile. Leo wife yuko saluni nimefungua bakuli nikague. Vikaratasi vyake vyote vitano vimeandikwa kitu kimoja. Na vyangu vitano vimebaki viwili.

#40 Mhasibu Mstaafu
Huyo mama tumpe urais wa chama cha wahasibu. Kutoka 5 kwa 10 mpaka 5 kwa 7, amefikisha asilimia 71 na ushee bila apu.

#41 Mama Wawili
😂😂😂 Msalimie sana. Sasa mko sehemu ya ngapi?

#42 Chapati ya Maji
Ya 19. Msiniulize mengi, kuna mama mmoja ana siri na mtoto sio wa yule baba, na Kemal sijui bado yupo hai.

#43 Side wa Flashi
Yupo. Ninayo mpaka ya mwisho, lete flashi.

#44 Mgeni Njiani
Habari wakuu, sijasoma kurasa zote. Ile apu ya nyanya inapatikana wapi, na inakula bando?